Jina la mzee likae na mzee

 

Mwezi uliopita tuliongea juu ya watoto na karo ya shule. Basi juzi sokoni mama mmoja mwenye mvi akanisimamisha, akaniambia: "Mwalimu, kila mwezi ni watoto, watoto. Sisi wazee mtatuongelea lini? Siku ya kutuzika?" Watu walicheka, na mimi nilicheka nao. Lakini nilipofika nyumbani neno lile lilinikaa. Niko na mama mzee kule Rubondo, na mambo nitakayowaandikia leo sikuyasoma mahali. Niliyajua kwa kukosea.

Nitawaeleza kosa langu kwanza, ndipo tuongee juu ya msaada.

Mwaka jana nilitaka kuandikisha laini ya simu. Nilienda Rubondo, nikachukua atestesheni yetu, ile karatasi ya familia, nikarudi nayo Mbarara. Ilikuwa ndani ya mfuko mmoja wa plastiki pamoja na karatasi zingine, nikabeba mfuko mzima bila kutazama. Laini niliipata siku ileile. Karatasi nilisema nitairudisha Jumamosi. Jumamosi ikapita, nyingine ikapita. Mnajua kazi za mji. Wiki sita mfuko ulikuwa unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wangu.

Katikati ya wiki hizo siku ya mgao ilifika. Mama alitembea na fimbo yake mpaka kwenye mstari, akaulizwa karatasi, hana. Alirudi mikono mitupu. Hakunipigia. Alisema hakutaka kunisumbua kazini. Siku chache baadaye alianguka mlangoni. Majirani walimpakia kwenye boda boda mpaka kituo cha afya. Pale walimpokea vizuri, lakini muuguzi alipouliza anakunywa dawa gani, aliyekuwa naye ni mjukuu wa miaka kumi na miwili. Mtoto akajibu: "Ile nyeupe, ya duara." Daftari lake la hospitali, ambalo ndani yake kila dawa imeandikwa, lilikuwa Nyamityobora, ndani ya ule mfuko wa plastiki, nyuma ya mlango wangu.

Mama alipona. Nilipofika alikuwa amekaa kwenye mkeka, mdogo kuliko nilivyomwacha. Hakunigombeza. Aliniambia tu: "Mwanangu, ulikamata jina langu ukaenda nalo Mbarara. Mimi ulinibakishia magonjwa."

Ndugu wasomaji, tangu siku ile nimeelewa kitu. Tunalalamika kwamba wazee hawapati msaada, na ni kweli msaada umepungua sana. Lakini hata ule uliobaki unapitia kwenye jina lao: karatasi yao, kidole chao, daftari lao, neno lao la mdomo. Na mara nyingi hivyo vyote tumevishika sisi watoto, na tuko mbali.

KARATASI KWANZA

Atestesheni ni moja kwa familia nzima, na familia zetu nyingi ziko mahali pawili. Wazee na watoto wadogo wamebaki Nakivale kwenye shamba, vijana wako Mbarara wanatafuta. Ni karibu kilomita 60, na nauli si ya kuchezea. Basi karatasi yenyewe ibaki kwa mzee, ndani ya plastiki, mahali anapopajua yeye mwenyewe. Wewe wa mjini tembea na fotokopi, na picha yake kwenye simu, na kitambulisho chako mwenyewe cha mkimbizi. Kama kuna kazi inayodai karatasi yenyewe, mwambie mzee inarudi siku gani, na siku ile irudi.

Halafu isomeni pamoja. Wengi wetu tumeandikwa kwamba tulizaliwa tarehe 1 Januari, kwa sababu siku ya kuandikishwa hakuna aliyejua tarehe. Hiyo si shida kubwa. Shida ni mwaka. Nimeona karatasi ambapo mama ameandikwa amezaliwa 1980 na mtoto wake wa kwanza 1977! Tulicheka, lakini si kichekesho. UNHCR inamhesabu mtu kuwa mzee kuanzia miaka 60. Mama yule kwenye kompyuta bado ni mtu wa nguvu, wa kulima na kubeba maji, na anapangwa na watu wa nguvu.

Makosa ya namna hiyo yanapelekwa kwenye dawati la kuandikisha wakimbizi la OPM, yaani Ofisi ya Waziri Mkuu, na UNHCR. Nendeni na kila kitu mlicho nacho: kadi ya ubatizo, kadi ya uchaguzi ya Kongo, karatasi za kambi za Tanzania kwa ndugu zetu wa Burundi waliopitia kule, hata vitambulisho vya watoto wakubwa. Wenye kuamua ni wao, na inaweza kuchukua muda. Lakini usipouliza hakuna atakayekuja kukurekebishia. Na kumbukeni, kuandikishwa na kurekebishwa jina ni bure. Mtu akikuambia toa kitu kidogo ili faili itembee, huyo anakula jasho lako.

Mweleze pia karani hali ya mzee: anaishi peke yake, analea wajukuu, haoni, hawezi kutembea. Hayo yana nafasi yake kwenye faili, yanaitwa mahitaji maalum. Yasipoandikwa, ofisi ikitafuta wazee wa kusaidia jina lake halitokei.

Juu ya vidole: mwaka 2018 wakimbizi wote wa Uganda walihesabiwa upya kwa alama za vidole na kwa macho. Wazee waliolima miaka hamsini vidole vyao vimekwisha, mashine inakataa. Msirudi nyumbani mkilia. Ombeni kwa upole wajaribu vidole vingine, au wapime jicho, maana jicho nalo liko ndani ya mashine. Wala usiende kutafuta mtu wa kuweka kidole chake mahali pa mama. Hapo unamharibia.

Kama mzee hawezi kabisa kufika kwenye mgao, kuna utaratibu wa kuandikisha mtu wa kumchukulia. Mzee mwenyewe ndiye anamchagua, mbele ya wahusika, na jina la mtu yule linaingia kwenye kumbukumbu. Fanyeni jambo hilo mapema, mzee akiwa bado anasema vizuri. Mimi na dada yangu tulimuuliza mama amtake nani. Nilidhani atanitaja mimi. Alimtaja jirani yake, Mrundi, mama wa watoto watano. "Huyu ananiona kila siku," alisema. Nilinyamaza. Ni jina lake.

CHAKULA NA PESA

Hapa tuseme ukweli bila kuupaka mafuta. Tangu Julai 2023 shirika la chakula la WFP liligawa familia za wakimbizi katika makundi matatu: wenye shida zaidi, wenye shida ya katikati, na wale waliohesabiwa kwamba wanajiweza, ambao hawakupewa kitu. Mei 2025 pesa za wafadhili zilipungua tena. Kutoka watu milioni 1.6 waliokuwa wanasaidiwa Uganda nzima, walibaki karibu 660,000. Kwa hiyo mzee wako anaweza kuwa ameondolewa kabisa, na asijue ni kwa nini.

Kitu cha kwanza ni kujua yuko kundi gani na sababu yake. Uliza kwenye dawati la malalamiko hapo kambini, au piga nambari ya bure 0800 323232, ambayo UNHCR na wenzake waliianzisha mwaka 2018 kwa maswali na malalamiko ya wakimbizi. Ukipiga, mzee awe karibu, na nambari ya atestesheni iwe mkononi. Eleza hali kwa ufupi: umri, ugonjwa, nani anaishi naye kweli. Omba nambari ya lalamiko, uiandike pamoja na tarehe. Lalamiko lisilo na nambari ni kama maji yaliyomwagika mchangani.

Na mseme kweli juu ya nani anakaa naye. Familia nyingi zimeandikwa watu saba, watano kati yao wako mjini. Kwenye karatasi mzee anaonekana amezungukwa na vijana wenye nguvu. Kumbe usiku yuko peke yake na mjukuu. Kama hali ni hiyo, ulizeni ofisi kama inafaa kugawanya karatasi, mzee awe na yake. Msikimbilie bila kuuliza, maana kugawanya kuna faida na hasara, na yanatazamwa hali kwa hali. Lakini swali lenyewe liulizeni.

Sasa juu ya "pesa ya wazee". Hapa Nyamityobora watu wanaona wazee wenyeji wakipokea shilingi 25,000 kwa mwezi, ule mpango wa serikali unaoitwa SAGE. Ulianza mwaka 2010 katika wilaya chache, na ulipoenezwa nchi nzima umri ulipangwa kuwa miaka 80. Mpango huo ni wa raia, wenye kitambulisho cha taifa. Mzee mkimbizi hayumo. Nayaandika haya wazi kwa sababu kuna watu wanapita nyumba kwa nyumba wakisema: "Toeni elfu kumi, tumwingize koko kwenye orodha." Hakuna orodha ya kumwingiza. Hata mzee akitumia kitambulisho cha raia cha mtu mwingine, hilo ni kosa la sheria, na atakayeulizwa ni yeye, si yule aliyekula elfu kumi.

Kwenye simu pia tuangalie. Tangu 2019 mkimbizi anaweza kuandikisha laini kwa atestesheni au kwa kitambulisho chake cha mkimbizi. Kwa hiyo mzee anaweza kuwa na laini yake, kwa jina lake, na pesa unayomtumia ikaingia kwake. Kama hajui kusoma, nambari ya siri ijulikane na yeye na mtu mmoja tu aliyemchagua. Mfundisheni pia jibu la wezi wa simu, wale wanaosema "nimetuma pesa kwako kwa makosa, nirudishie". Ajibu: "Ngoja mtoto wangu arudi." Halafu akate.

Na sisi wenyewe? Wengine wanaita likelemba, wengine ikimina, wengine kikundi cha akiba. Wote tunajua namna inavyofanya kazi. Tuko ndugu wanne. Kila mwisho wa mwezi kila mmoja anaweka kidogo alichopata, na pesa ile ni ya mama tu: nauli ya hospitali, dawa ikikosekana, mtu wa kumchotea maji. Haiguswi kwa kilio cha mtu mwingine. Hapo mwanzo mmoja wetu alisema hana kitu. Mama mwenyewe akasema: "Alete sabuni." Sasa analeta sabuni.

AFYA

Magonjwa ya wazee hayapigi kelele kama malaria. Yanakuja polepole: presha, ile wengine wetu tunaita tansio, sukari, magoti, macho, kusahau. Anza na mtu wa karibu, mhudumu wa afya wa kijiji, wale VHT. Wengi wao wanazijua nyumba zenye wazee kuliko sisi watoto. Halafu kituo cha afya. Kikishindwa, kinaandika barua ya kumpeleka mbele, Rwekubo au Hospitali ya Rufaa ya Mbarara.

Barua ile ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Mgonjwa aliyetumwa na kituo cha kambi kwa barua, mara nyingi kuna njia ya kumsaidia usafiri na gharama, ingawa siku hizi si kama zamani. Aliyekuja Mbarara mwenyewe, bila barua, anajibebea mzigo wake. Hospitali za serikali ya Uganda ziliacha kutoza wagonjwa mwaka 2001, isipokuwa zile wodi za kulipia, na mkimbizi anatibiwa kama mwenyeji. Lakini dawa ikiisha kwenye stoo unaambiwa ukanunue nje. Kwa hiyo msije na moyo tu, mje na akiba ile ya sabuni.

Ila kuna siku ya kutongoja barua. Mdomo wa mzee ukipinda ghafla, mkono ukalegea, maneno yakachanganyika, mchukueni saa ileile mpaka kituo kilicho karibu. Msikae kusema amerogwa, wala msingoje kuche. Kifua kikimbana na jasho linamtoka, vilevile.

Daftari la hospitali liwe moja. Nimeona mzee mwenye madaftari matano, kila kituo alianza jipya, na hakuna daktari aliyejua mwenzake aliandika nini. Mkiondoka na paketi ya dawa, msiitupe hata ikiisha. Mtoto anaweza asijue jina la dawa, lakini anaweza kuonyesha paketi.

Dawa ya presha ni ya kila siku, hata kama kichwa hakiumi. Mama yangu, nilikuja kugundua baadaye, alikuwa anakata kidonge nusu ili kifike mwisho wa mwezi. Alidhani anatusaidia. Ulizeni wazee wenu kwa upole: "Mama, unakunywaje hizi dawa? Nionyeshe." Msiulize kama polisi.

Macho: mzee akianza kusema kuna ukungu, anakanyaga vyombo, hamtambui mtu mpaka aseme, inaweza kuwa mtoto wa jicho. Unatolewa kwa upasuaji mdogo, na mtu anaona tena. Mbarara tuko na bahati. Hospitali ya Rufaa ina kitengo cha macho, na kule Ruharo kuna hospitali ya macho ya kanisa ambayo watu wanaifuata kutoka mbali. Ulizeni bei kabla, na ulizeni kituo cha afya kama kuna siku madaktari wa macho wanafika kambini. Msikubali neno la "ni uzee tu". Kuna wazee wanaongozwa kwa fimbo na watoto ambao wangekuwa shuleni, kwa sababu ya kitu kinachotolewa.

Na lugha. Daktari anaongea Kinyankole na Kiingereza, mama anaongea Kifuliru. Wewe uko katikati. Hapo ndipo tunawanyima wazee midomo yao. Daktari anauliza: "Anaumwa wapi?" Mtoto anajibu moja kwa moja: "Miguu." Mama hajaulizwa! Tafsiri swali, ngoja jibu, tafsiri jibu. Tena kuna mambo mama hatayasema mbele ya mtoto wa kiume. Miaka miwili nilimpeleka mimi, na kila mara alisema miguu. Siku dada yangu alipomsindikiza, ndipo ilijulikana kwamba mkojo ulikuwa unamtoka, na ndiyo sababu alikuwa ameacha kwenda kanisani. Alipewa dawa. Miaka miwili ya aibu, kwa sababu mimi nilikuwa mtafsiri.

SHERIA

Wengi wakisikia wakili, au avoka kama tunavyosema Kongo, wanafikiri ni kitu cha matajiri. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufika mahakamani kama watu wengine. Na kuna Refugee Law Project, mradi wa Chuo Kikuu cha Makerere ulioanza 1999, ambao una ofisi hapa Mbarara na unasaidia wakimbizi kwa mambo ya sheria bila kulipa. Kwa kuwa mashirika mengi yalipunguza watu pesa zilipokatwa 2025, ulizeni kwanza siku za kupokea watu kabla ya kulipa nauli.

Ni mambo gani ya sheria mzee anaweza kuwa nayo? Nitataja matatu ninayoyaona kila wakati.

La kwanza ni shamba. Ardhi ya kambi tulipewa na OPM kutumia, si kuuza. Mjane mzee akiugua miezi mitatu, jirani anasogeza mpaka. Au mtoto wa ndugu anakuja "kumsaidia kulima", kisha anasema mzee alimpa. Njia yake ni hii: mwenyekiti wa wakimbizi wa kijiji, RWC wa kwanza, halafu wa juu yake, halafu ofisi ya Kamandanti wa OPM. Kama kuna vitisho au kupigwa, polisi moja kwa moja. Piga picha za mpaka kila msimu wa kupanda, na mzee awe ndani ya picha. Kama mwenye kuchukua shamba ni wewe msomaji, mtoto wake mwenyewe, basi ukurasa huu umeandikwa kwa ajili yako pia.

La pili ni mateso ya nyumbani, na jina la uchawi. Mtoto anakufa kijijini, macho yote yanamgeukia bibi mmoja mwenye macho mekundu. Macho ni mekundu kwa moshi wa kupikia miaka sitini! Jambo hilo limeua watu katika nchi zetu. Likianza kunong'onwa, msingoje liwe kelele. Mwondoeni bibi pale kwa muda, mpeleke habari kwa RWC, polisi, na watu wa ulinzi wa UNHCR. Mzee anayenyimwa chakula, kufungiwa ndani au kupigwa na watoto wake, vilevile. Hiyo si siri ya familia.

La tatu ni wasia. "Sisi wakimbizi tuna nini cha kurithisha?" Tuna mbuzi, baiskeli, cherehani, pesa ya kikundi, kibanda cha biashara. Watu wamegombana kaburini kwa baiskeli. Kwa sheria ya Uganda wasia uwe wa maandishi, mwenyewe asaini au aweke dole gumba mbele ya mashahidi wawili, na mashahidi wasiwe wale wanaorithi. Shamba la kambi usiliandike kama mali yako. Msaada wa sheria watakuongoza kwa maneno.

Na kuna urithi mwingine ambao hakuna ofisi itakuuliza. Mzee wako anajua shamba la kwenu Fizi au Masisi liliishia kwenye mti gani, nani alikuwa jirani wa upande wa mto, baba yake alilipata mwaka gani. Kaa naye jioni, andika kwenye daftari. Mungu akijalia siku ya kurudi, atakayeulizwa mipaka ni wewe.

SISI WA NYAMITYOBORA

Wengi mnaniuliza: "Si bora nimlete mama hapa, karibu na hospitali?" Labda ndiyo. Lakini fanya hesabu kabla. Mgao na huduma zake nyingi ziko Nakivale, kule alikoandikishwa. Hapa Mbarara hakuna mgao. Ukimleta, akakosa siku ya kuhesabiwa, jina lake linaweza kuzimwa kwenye mashine. Na hapa unamweka wapi? Kwenye muzigo wa chumba kimoja, wewe unatoka saa kumi na mbili asubuhi kutafuta, yeye anashinda ndani na ukuta. Kule ana jirani, ana migomba, ana mtu wa kumsalimia kwa Kifuliru. Mama yangu alikaa hapa wiki mbili. Siku ya kumi na moja aliniuliza kama gari la Nakivale linaondoka saa ngapi.

Wengine wameletwa wakastawi, sisemi wasiletwe. Nasema muulizeni. Akija, mpelekeni kwa mwenyekiti wa LC ajulikane, na mkubaliane nani atarudi naye kambini kila siku ya kuhesabiwa. Akibaki, mmoja wenu awe na zamu ya kwenda kila mwezi. Si kutuma pesa tu, kwenda na kukaa.

Basi kazi ya mwezi huu ni ndogo. Mwende, au mtume ndugu, mfanye mambo manne. Rudisheni karatasi na daftari kwa mzee. Someni naye mwaka wake wa kuzaliwa. Mwulizeni anamtaka nani amchukulie mgao akishindwa. Mwambieni awaonyeshe anavyokunywa dawa.

Mimi mfuko ule wa plastiki nilimrudishia mama siku ileile nilipofika. Ameuning'iniza kwenye msumari, nyuma ya mlango wake. Kila nikienda naona ameugusa kabla ya kulala, kama mtu anayehesabu kuku wake.

Yule mama wa sokoni, kama unasomewa haya: tumekuongelea, na bado uko hai. Lete maswali yako, tutayajibu mwezi ujao.

Kwaherini, na msalimieni wazee.